Wakuu mlioko Marekani: hivi kweli mwindaji anaruhusiwa kuingia shambani kwangu kufuata mbwa wake?

#1 Beberu wa Virginia
Wakuu heshima kwenu. Naenda moja kwa moja maana nina hasira na usingizi sina.

Niko Virginia, kusini ya Richmond mwendo wa saa moja na nusu hivi, kaunti siitaji. Mwaka juzi mimi na mama watoto tulijichanga tukanunua ekari 38, nusu misonobari nusu majani, tukaweka mbuzi. Sasa wako 41 na wengi wana mimba. Jumamosi iliyopita msimu wa bunduki wa kulungu umefunguliwa. Saa moja na nusu asubuhi nimeshika kikombe cha chai nje, nasikia mlio unatoka msituni, sio kubweka kule tulikozoea, ni kama akina mama wamepokea maiti, wote kwa pamoja, na unakuja kwangu. Kabla sijaweka kikombe chini kulungu jike akaruka fensi, akakatiza katikati ya mbuzi, akaruka upande wa pili akapotea, nyuma yake mbwa. Mimi nilihesabu tisa, mke wangu anasema kumi na moja. Niseme ukweli, hawakumgusa mbuzi hata mmoja, wala kuwaangalia. Ila mbuzi walichanganyikiwa wakakimbilia kona ya fensi wakapandana, mmoja mguu ukaingia kwenye waya ukavunjika, na jana mwingine katoa mimba, vitoto viwili.

Baada ya dakika kama 20 akaja mzee kwa miguu, kizibao cha rangi ya machungwa, mkononi kidude kama redio ya polisi kina skrini na antena. Bunduki hana. Nikamwambia mzee hapa pana kibao kinakataza watu kuingia. Akanijibu kwa adabu zote, bwana nafuata mbwa wangu tu, sheria ya Virginia inaniruhusu, akataja jina lake na klabu yake bila kuulizwa mara mbili, akawashika mbwa wawili waliobaki nyuma akaondoka nao. Nikapiga simu kwa askari wa wanyamapori nikitegemea anakuja na pingu. Akaniambia ni kweli, anaruhusiwa.

Hati ina jina langu, kodi nalipa mimi, fensi nimejenga kwa mkono wangu. Mtu anaingiaje tu? Kuna mwenzangu yamemkuta?

#2 Kiroba Mtupu
Pole sana mkuu. Yule wa mguu umemfanyaje? Na wanaendaje hao, bei?

#3 Nyang'au Mstaafu
Chai hii. Marekani ukikanyaga tu nyasi za mtu unapigwa shaba halafu ndio unaulizwa jina. Leo mtu anaingia na mbwa tisa anaitwa bwana? Mleta mada ongeza sukari.

#4 Mama Junior VA
Nyang'au Mstaafu sio chai. Mimi nafanya kazi kwa wakili huku huku Virginia, mwaka wa kumi na moja huu, Novemba ikifika hizi simu hazipumziki.

Hiyo sheria ipo tangu 1938. Kwa lugha yetu inasema hivi: kama msako umeanzia kwenye ardhi nyingine na mbwa wakavuka, mwenye mbwa anaruhusiwa kuingia hata penye kibao cha katazo kuchukua mbwa wake. Haruhusiwi kubeba bunduki wala upinde, haruhusiwi kuendelea kuwinda akiwa humo, gari haliingii mpaka wewe ukubali, na ukimwuliza jina akakataa kwa makusudi amefanya kosa. Sasa rudia post #1. Kwa miguu, hana bunduki, kataja jina. Huyo mzee anaijua sheria kuliko wewe. Na ujue wale wa mbweha na rakuni ndio wana uhuru zaidi, wao wanaruhusiwa kuwafuata mbwa kwenye msako wenyewe, sio kuwachukua tu.

Kinachokulinda kidogo ni kile cha 2016, walitunga kosa la kufungulia mbwa wa kuwinda kwa makusudi kwenye ardhi ya mtu iliyowekewa katazo. Kazi ni kuthibitisha walifunguliwa kwako na sio kwa jirani. Na mbwa hatoi ushahidi.

#5 Nyang'au Mstaafu
Nimekaa chini. Ila hiyo sio ardhi dada yangu, hiyo ni njia ya kisimani.

#6 Bukavu Roanoke
Jambo bandugu. Mimi niko Roanoke, huku kwetu ile mambo haiko. Rafiki yangu wa kazini ni mwindaji, ananiambia kuwinda kulungu na mbwa inakatazwa upande wote wa magharibi ya milima ya Blue Ridge, ni kule chini kwenye tambarare ndiko wanafanya. Kwa hiyo musiseme Virginia yote. Yeye anapanda juu ya mti anakaa kimya masaa saba. Nilienda naye mara moja, baridi ilitaka kuniua, hatukuona kitu hata panya.

#7 Chuma Houston
Texas walishamaliza huo mchezo 1990, marufuku mbwa kwenye kulungu, kwisha habari. Hao wa mashariki kuangalia bahari bado wamelala.

#8 Mama Junior VA
Bukavu Roanoke yuko sahihi, nilipaswa kusema. Na kwa Marekani nzima sasa ni majimbo kama tisa tu ya kusini: sisi, Carolina zote mbili, Georgia, Florida, Alabama, Mississippi, Louisiana na Arkansas. Hata humo sio kila sehemu, South Carolina ya juu hawaruhusu, ya chini kuelekea pwani ndio nyumbani kwake.

#9 Babu Tairi
Wadau wacha niseme, mkishasoma ndio mnitukane. Mimi ni Mkenya, naendesha lori ya magogo hapa North Carolina karibu na mpaka wa Virginia, na niko memba wa klabu ya kuwinda na mbwa, huu ni mwaka wa sita. Kwetu Kenya uwindaji ulifungwa 1977 kwa hivyo hata mimi nilikuja hapa sijui bunduki inashikwa upande gani.

Mnaongea ni kama hawa ni wahuni wanapita tu. Saa kumi na moja asubuhi tunakutana kwa duka ya petroli, kahawa kwa kikombe ya karatasi, mzee wa klabu anagawa watu: wewe simama kwa ule mti umepinda, wewe kwa daraja, wewe kwa kona ya mahindi. Ukishapewa mahali huondoki hata ukiganda, sababu ukitembea unaweza kupigwa marisawa na mwenzako. Halafu wenye mbwa wanaenda na pikapu zao, nyuma kuna sanduku ya alumini iko na vimlango, mikia inagonga ndani kama ngoma hata kabla wafunguliwe. Wakipata harufu mpya, maze, hiyo sauti siwezi waeleza. Wazee wanasimama na kofia mkononi wanasikiza tu. Huyo ni Belle. Huyo ni Tank, na Tank hadanganyi, akilia ujue ni kulungu sio sungura. Skrini ya kutafutia mbwa, ile inashika kola zao, bado haijaonyesha kitu, wao washajua mbwa wanaelekea wapi. Huyu mzee ananibebanga ako na miaka 78, goti moja ni ya chuma, hawezi panda mti kukaa masaa saba kama huyo rafiki wa Roanoke. Mbwa ndio miguu yake.

Na nyama inagawanywa kwa kila mtu alisimama. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa kulungu wawili wakipita hapa mbele ya pua, wakanikata mkia wa shati kwa makasi wakauning'iniza kwa ukuta wa klabu, hiyo ndio faini ya kukosa. Lakini bado nikapewa paja.

Shida ni ardhi imekatwakatwa. Zamani misitu ilikuwa ya makampuni ya karatasi, ekari maelfu kwa maelfu, klabu inakodisha, mbwa wanakimbia asubuhi yote na hawajatoka kwenu. Halafu makampuni yakauza. International Paper peke yake 2006 iliuza zaidi ya ekari milioni 5 kote Marekani. Sasa huyu amechukua 20, huyu 60, Beberu 38. Mbwa hajui kusoma kibao.

#10 Beberu wa Virginia
Babu Tairi nimekuelewa na hiyo ya shati nimecheka peke yangu zizini. Lakini mbwa hajui kusoma, wewe je? Wewe si unajua kusoma? Mahali wanapofungulia ni kama mita 300 kutoka kona yangu. Kulungu hakimbii kwa kuzunguka mduara ili asiniudhi, atanyoosha tu, na mbele yake nipo mimi. Mtu mzima akifungulia mbwa tisa hapo ameshajua wanaishia wapi. Hiyo "bahati mbaya" inatokea kila Jumamosi?

@Kiroba Mtupu wa mguu tumemchinja.

#11 Kiroba Mtupu
Innalillahi. Supu ilikuwepo?

#12 Msasi wa Makunduchi
Assalaam aleykum. Miye sijafika huko Marekani wala sina haja, nipo zangu Unguja, lakini hadithi hii nnaijua. Sisi wasasi kusini huku tunakwenda maweni na mbwa tokea babu na babu. Siku ya msako mnatoka alfajiri, mbwa wanaingizwa kwenye kichaka, watu wanapiga kelele kuwafuata, wengine wamekaa mbele kimya wanangoja. Ni hivyo hivyo anavyosema huyo Mkenya, ila hatuna sanduku la alumini. Zamani walisasa hata paa nunga, sasa hivi amekwisha anahifadhiwa, kinachotafutwa ni nguruwe mwitu anayekula mihogo ya watu, na mwenye mihogo anakwita mwenyewe anakushukuru.

Ugomvi wetu sisi haupo kwa mwenye ardhi, maana ardhi ya Serikali tokea Mapinduzi. Ugomvi unakuja wakija watu wa mjini na gari na mbwa wao bila ya kupita kwa sheha. Hapo hata nguruwe awe amekula shamba zima wanakijiji watakasirika. Mgeni hupiga hodi bwana. Huyo mzee alipiga hodi?

#13 Beberu wa Virginia
Hakupiga. Alikuja na mbwa wameshapita, hodi ya nini tena. Lakini nakubali, angekuja Ijumaa akasema kesho tunafungulia pale, fungia mbuzi wako, mimi ningewafungia na nisingeandika uzi.

#14 Mwalimu wa Zamu
Nje ya mada kidogo. Mnasema kulungu kulungu, kulungu ni wa kwetu ana pembe za kusokotwa hazidondoki. Huyo wa Marekani pembe zake zina matawi na zinadondoka kila mwaka zinaota upya. Kiswahili chake ni ayala, yule wa Zaburi.

#15 Babu Tairi
Mwalimu nikisema ayala kwa klabu wataniuliza ni nani huyo, ni dem yangu?

#16 Chuma Houston
Huku tunamwita swala. Wengine paa. Ukiiva ni nyama.

#17 Ustadh Keyboard
Kwa kuwa mmegusa nyama, ndugu yangu wa Makunduchi nisaidie, mbwa aliyefunzwa akitumwa kwa bismillahi alichokamata ni halali, hilo limo kwenye Al-Maida. Je hawa wa Virginia mbwa anafukuza tu anayeua ni mwenye bunduki na wala hakutaja jina la Mwenyezi Mungu, hapo ikoje?

#18 Msasi wa Makunduchi
Hapo mbwa hana kosa. Muulizeni mwenye bunduki.

#19 Peachtree
Georgia hatukupiga marufuku, walitafuta njia ya katikati. Tangu 2003 kuwinda kulungu na mbwa ni kwa kibali cha eneo. Mwenye ardhi yake awe na ekari 250 zilizoshikana, klabu ya kukodisha iwe na 1,000. Namba ya kibali inavaliwa na mbwa na inawekwa kwenye gari, kwa hiyo mbwa akiingia kwako huhitaji kumsubiri mzee wala kubishana, unasoma namba unampigia askari. Mimi naishi mjini, kulungu nawaona wamegongwa barabarani tu, ila shemeji yangu ana nyumba huko kusini ya jimbo na anasema kelele zimepungua. Beberu na ekari zako 38 hata wewe mwenyewe usingeruhusiwa kufungulia hapo.

#20 Babu Tairi
Na hiyo ndio inaumiza mtu mdogo. Ekari 1,000 ni nani ako nayo? Wazee wangu wamekuwa wakiwinda kwa ekari 90 za familia na jirani wanasalimiana. Ukiweka 1,000 umewafunga wao, tajiri wa Charlotte anabaki na uwindaji wake.

#21 Mjukuu wa Mtemi
Babu Tairi umegusa penyewe. Mnaijadili hii kama mbuzi dhidi ya mbwa, ni historia hii. Kusini ya Marekani kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ardhi isiyozungushiwa uzio ilikuwa kama ya wote, ng'ombe na nguruwe wanazurura, mtu anawinda anapotaka. Utumwa ulipokwisha 1865 watu weusi wakawa wanajilisha kwa kuwinda na kuvua badala ya kwenda kuchuma pamba ya bwana kwa ujira wa kijinga. Wenye mashamba wakashtuka, ndipo zikaanza kuongezeka sheria za uzio, za kukataza kuwinda kwenye ardhi ya mtu, mpaka mbwa akatozwa kodi. Kwa hiyo hicho kibao unachokitegemea Beberu kina wenyewe na kilikuwa na kazi yake. Hiyo haki ya kufuata mbwa ni kipande kidogo kilichobaki cha ule utaratibu wa zamani.

#22 Mama Junior VA
Mkuu historia yako nzuri lakini usisahau upande wa pili. Kuwinda na mbwa huku kulianza kama mchezo wa mabwana. George Washington alikuwa na kundi lake la mbwa pale Mount Vernon, na 1785 Lafayette akamtumia wengine kutoka Ufaransa. Na Bunge la 1938 Virginia halikukaa kuwatetea wanyonge weusi, tusidanganyane.

#23 Babu Tairi
Wote mko sawa na wote hamjafika kwa klabu yetu. Karibu nusu ni wazee weusi, nusu wazungu, na mahali pengine hao watu hawakai meza moja. Wanaketi kwa ndoo wanabishana ni mbwa ya nani ilitangulia. Mimi sisemi ni peponi, nasema tu ni hivyo.

#24 Sniper wa Kimara
Nyote mmekosea adui. Mimi niko Alabama, nawinda, SINA mbwa. Vita kubwa ya mbwa sio na wafugaji wala watu wa mjini, ni mwindaji kwa mwindaji. Mimi nakodisha ekari 160, mwezi wa tisa nimepanda majani ya kulungu, nimefunga kamera kwenye miti, kuna dume mmoja mapembe kama mti wa mpera namfuatilia mwaka wa tatu, namjua anapolala. Asubuhi ya siku niliyoomba ruhusa kazini nimekaa kwenye mnara wangu, upepo mzuri, namuona anatoka taratibu, bado hatua thelathini. Nasikia wooooo. Mbwa. Dume akageuka kama umeme, sijamuona tena mpaka leo. Barabarani nakuta pikapu nne zimepanga mstari, watu wamesimama kama wanasubiri daladala. Hao hawana hata ekari moja pale, wanategemea barabara ya kaunti. Nikiwauliza wananiambia mbwa hajui kusoma kibao. Huo wimbo wanafundishwa wapi?

#25 Beberu wa Virginia
Kumbe ni wimbo wa taifa.

#26 Babu Tairi
Hao wa kupanga gari kwa barabara hata sisi tunawachukia, wanatuchafulia jina. Kwetu ukipatikana unapiga kutoka barabarani unafukuzwa klabu siku hiyo hiyo. Lakini Sniper pia nikuulize pole pole, huyo dume alikuwa wako? Ulikuwa na risiti?

#27 Sniper wa Kimara
Nilimpa jina kabisa. Aliitwa Makamba.

#28 Nyang'au Mstaafu
😂😂😂 nimemwaga chai yangu halisi

#29 Kibonge Leicester
Huku Uingereza kuwinda wanyama pori kwa mbwa kulikatazwa, sheria ya 2004 ikaanza kazi Februari 2005, Scotland walitangulia 2002. Watu waliandamana London mpaka wengine wakaingia ndani ya Bunge. Sasa hivi wenye mbwa wanadai wanafuata tu harufu iliyomwagwa makusudi, eti mbweha akitokea ni ajali. Kila mtu anajua.

#30 Mama Junior VA
Kibonge tofauti kubwa ipo hapo na ndio jibu la swali la Babu. Uingereza haki ya kuwinda imeshikana na ardhi tangu zamani za wafalme. Walowezi walipofika huku hawakutaka habari za msitu wa bwana mkubwa, wakaweka kwamba mnyama pori ni wa umma, jimbo linamsimamia kwa niaba ya wote. Kwa hiyo dume wa Sniper sio wa Sniper, na jike aliyepita kwa Beberu sio wa Beberu, ila majani aliyokanyaga ni ya Beberu. Mnyama wa wote anatembea juu ya ardhi ya mmoja, ugomvi unaanzia hapo.

#31 Dereva Minneapolis
Naongezea tu, na Minnesota mwenye mbwa anaruhusiwa kuingia kwa miguu bila bunduki amchukue mbwa wake atoke mara moja. Sio kusini peke yake. Ila huku mbwa ni wa ndege.

#32 Bwana Plani
Dawa ndogo. Mbwa wakija washike, vua zile kola, tupa kwenye lori la magogo la Babu Tairi. Mzee afuate skrini mpaka Carolina.

#33 Mama Junior VA
USITHUBUTU. Virginia kumvua mbwa kola ya kumtafutia kwa nia ya kumzuia mwenyewe asimpate ni kosa la daraja la juu kabisa la makosa madogo, mpaka miezi 12 jela na faini mpaka dola 2,500. Na kabla mwingine hajaja na wazo la bunduki: mbwa kisheria ni mali ya mtu kama ng'ombe. Kumkuta anaua au anajeruhi mifugo ni jambo moja lina sheria yake. Mbwa anayepita njia nyuma ya kulungu ni jambo lingine. Na Beberu ameshaandika mwenyewe kwamba hawakuwagusa mbuzi.

#34 Beberu wa Virginia
Uaminifu wangu unaniponza. Na fidia ya mbuzi?

#35 Mama Junior VA
Piga picha, mwite daktari wa mifugo aandike kuhusu mimba, andika saa na tarehe, jina la mzee unalo. Nenda naye kiungwana kwanza. Mahakamani watakuuliza mbwa alimng'ata wapi na utasema waya ndio ulimng'ata. Kuna wamiliki wa ardhi Virginia walikwenda mbele zaidi wakafungua kesi kabisa, wanasema jimbo likimruhusu mtu kuingia kwangu limechukua sehemu ya mali yangu bila kunilipa. Wameshikilia hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 2021, ile ya kitalu cha Cedar Point cha California, walipoambiwa kanuni ya kuruhusu wa chama cha wafanyakazi kuingia shambani kwa mtu ni kuchukua mali yake. Wakili mmoja ofisini kwetu anaona hoja ina meno, mwingine anasema haki ya kufuata mbwa ilikuwepo kabla hawajanunua hayo mashamba, walinunua nayo ndani. Wanabishana mpaka chakula cha mchana kinapoa.

Vibao navyo sio lazima, unaweza kupaka mistari ya zambarau kwenye miti, wima, upana usipungue inchi 2, urefu 8, kati ya futi 3 na 6 kutoka chini. Ina nguvu sawa na kibao. Ila mwenye mbwa atapita tu kama alivyopita.

Jumapili ulale. Kulungu kwa mbwa Jumapili hairuhusiwi Virginia.

#36 Bukavu Roanoke
Beberu, ule rafiki yangu anasema weka mbwa mkubwa mweupe wa kulinda mbuzi, wale wanaishi ndani ya kundi usiku na mchana.

#37 Babu Tairi
Hapana hapana. Mbwa ya kulinda akikutana na mbwa tisa wako na moto wa kulungu hapo ni damu, na asubuhi utakuwa na kesi mbili. Mimi nikushauri kama mndugu, tafuta namba ya huyo mzee. Hizo kola ziko na kitufe, anaweza kuwapigia mlio kabla wafike fensi yako, ukishamwonyesha mpaka anauchora kwa skrini. Mzee wangu amechora majirani wanne hivyo. Mmoja tumempa paja kila Desemba na hajawahi lalamika tena.

#38 Sniper wa Kimara
Kwa hiyo kitufe cha kumsimamisha kipo. Tena asante kwa kutuambia. Miaka yote hii mbwa hajui kusoma.

#39 Babu Tairi
Kipo. Hakifanyi kazi na kila mbwa. Tank ukimpigia anaongeza mwendo.

#40 Kiroba Mtupu
Beberu 40 wamebaki ukitoa marehemu. Bei mkuu.

#41 Beberu wa Virginia
Wakuu samahani nilipotea, mrejesho. Nilimpigia mzee Alhamisi. Akaja jioni na mkewe, kaleta keki ya viazi vitamu na soseji za kulungu, hizo soseji zimo kwenye friji hatujajua tuzifanyeje, mke wangu anasema Ustadh atoe fatwa kwanza. Tulizunguka fensi yote yeye anachora kwenye kidude chake. Hela ya mbuzi mmoja katoa taslimu, wa mimba amekataa, anasema mbuzi hutoa mimba kwa mambo mengi, na mimi kwa kweli siwezi kuapa. Akaniuliza kama nitamruhusu kuingia na gari akihitaji maana goti. Nikasema hapana. Akasema sawa bwana. Nikajisikia vibaya, halafu nikakumbuka vile vitoto viwili nikaacha kujisikia vibaya.

Jana Jumamosi nimefungia mbuzi wote ndani tangu alfajiri. Mbwa walipita mbali, nikasikia tu mlio. Nikajikuta nimesimama nasikiliza, Babu Tairi usiseme kitu.

#42 Babu Tairi
Sijasema kitu.

#43 Sniper wa Kimara
Wameshamchukua huyu.

#44 Beberu wa Virginia
Sijachukuliwa. Nikirudi kwenye swali langu, bado naona sio haki, nimetendewa hisani tu. Siku mzee akifa wanawe watakuja na ile ramani?

Sasa naandika hii ni saa nne asubuhi Jumapili, kuna mbwa mmoja amelala chini ya trela yangu tangu usiku, madoa meusi na kahawia, masikio mpaka chini, kola imezimika. Jina lake limo kwenye bati, Sugar. Nimempigia mzee mara tatu hapokei.

#45 Mama Junior VA
Yuko kanisani. Mpigie saa saba. Na kola usiiguse!

#46 Kiroba Mtupu
Mpe hata ugali jamani.

#47 Beberu wa Virginia
Ameshakula. Na soseji zote tatu.